Tafuta fundi kwanza, Land Rover itakungoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Nina jambo linalotuhusu sisi tuliorudi Kusini baada ya kumaliza kazi Dar, na leo sio kikokotoo cha pensheni, hicho tumeshakisema mpaka tumechoka. Ni habari ya magari ya zamani. Hapa Mtama na vijiji vya jirani kila mstaafu anayerudi, ukikaa kidogo tu utamsikia anaulizia ile Land Rover ya fulani iliyolala nyuma ya nyumba kama inauzwa, au ile Peugeot 504 pikapu ya marehemu nani, na mi mwenyewe nimo humo humo, kuna Land Rover 109 moja hapa kijijini nikiipita kwa miguu najikuta nimepunguza mwendo. Sijainunua. Nasema mapema asije mtu akadhani naandika kwa hasira ya kutapeliwa, hapana, naandika kwa sababu naitaka, na katika kuitaka nimeanza kuuliza maswali ambayo naona wenzangu wengi hawaulizi mpaka hela ishatoka.

Tuelewane kwanza hii tamaa inatoka wapi. Dar umekaa miaka na IST yako, foleni ya Mbagala asubuhi na jioni, gari unaliegesha kwa kubanana na la mwenye nyumba. Unarudi huku unakuta una eka zako, una vivuli vya miembe, una asubuhi nzima hamna mtu wa kukuita kikaoni, na benki kuna mkupuo wa kustaafu umeingia ambao haujazoea kukaa na wewe haujauzoea. Hapo hapo unakutana na gari uliyoiona ukiwa darasa la nne ikimleta bwana shamba au watu wa chanjo, mkaikimbilia nyuma na vumbi lake lote. Bei unayotajiwa ni ndogo kuliko pikipiki mbili mpya. Sasa hapo mtu unajizuia vipi? Na mzee mwenzio amekaa pembeni anakwambia "chukua hiyo, chuma cha Mwingereza hicho".

Na huku kwetu haya magari yapo mengi kuliko watu wa mikoa mingine wanavyodhani. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na kipindi hicho hicho Waingereza walikuwa wanahangaika na karanga zao kule Nachingwea, ule mradi wa 1947 uliokufa 1951. Mradi ndo uliotuachia bandari ya Mtwara, ukaacha na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, tukabaki na barabara. Barabara yenyewe mnaijua. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 mtu wa Lindi anavuka Rufiji kwa kivuko, na masika kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga malori yanalala kwenye tope, abiria wanapika pembeni ya barabara kama wako harusini. Miaka yote hiyo nani angekuja huku na gari ya chini? Serikali, misheni, polisi, hospitali, vyama vya ushirika, wote Land Rover, ikichakaa inapigwa mnada, anainunua mwenye duka, mwenye duka akifariki warithi hawaelewani basi inabaki chini ya mkorosho. Ndo hizo tunazozitamani sasa.

Peugeot nazo zina heshima yake tusizisahau, vijana wa leo hawajui kwamba 404 ilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland ambaye alikuwa anaishi hapa hapa Tanzania. Enzi hizo mashindano yalikuwa yanaingia na kwetu, sio Kenya peke yake. Mtu wa rika langu akiona pua ya 404 hata kama ndani wanalala kuku, lazima ageuke.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndo watu wanapoumia.

Land Rover ya zamani haizeeki usoni. Bodi yake ni aluminiamu, Waingereza walikuwa wametoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, wakatumia bati la aluminiamu, na aluminiamu haishiki ile kutu nyekundu tuliyoizoea. Kwa hiyo unafika unakuta gari imepigwa mvua miaka na miaka, unafuta mlango kwa kitambaa, unang'aa, unasema aisee hii si inataka betri tu. Muuzaji naye anakuacha ufute, anakuletea na maji. Lakini bodi hiyo imekaa juu ya chesisi ya chuma, yaani ile fremu inayobeba gari, na chesisi yenyewe ina uwazi ndani, tope likiingia halitoki, inaliwa kutoka ndani kuja nje, siku unayoona tundu kwa macho ujue ndani kumeshakwisha zamani. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, kukiwa na chumvi kidogo tu, aluminiamu nayo inaanza kuliwa, inavimba inatoa unga mweupe. Watu wanadhani ni rangi ya zamani inabanduka.

Ndo maana nasema swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni gari imeishi wapi. Gari iliyoishi Mikindani au Lindi mjini upepo wa bahari unaipiga usiku na mchana, na gari iliyoishi Rondo au Newala huko juu, hayo ni magari mawili tofauti hata kama yametoka kiwandani siku moja. Habari ya kilomita achana nayo, mita imekufa tangu enzi za Mzee Mwinyi na hata ingekuwa inafanya kazi yenyewe inasoma maili. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Gonga sana kule nyuma kabisa na pale springi zinapofungwa. Alafu ingia ndani uangalie lile bati lililo kati ya injini na miguu ya dereva, lile sio aluminiamu, ni chuma, likishaoza milango haikai sawa na gari haitatulia tena. Ukiona mwenye gari anakasirika kwa sababu unagonga gonga, vaa kandambili zako nenda nyumbani.

Atatokea mtu aseme chesisi si inachomelewa. Inachomelewa, ndio, na kila senta sasa hivi kuna kijana ana mashine ya kuchomelea. Ila anachokifanya ni kubandika bati la kutengenezea mageti juu ya kutu, anapiga rangi nyeusi, mnapeana mikono. Kazi ya chesisi ni kuivua bodi yote, kukata mpaka ufike kwenye chuma kizima, kupima isije ikapinda, hiyo ni kazi ya wiki na wiki na sio kila mwenye mashine anaiweza.

Gari iliyolala muda mrefu nayo ina magonjwa yake ya kulala. Petroli inageuka kitu cha kunata inaziba kabureta. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na hewa ya huku mnaijua, masta silinda inashika kutu ndani. Panya wanatafuna waya. Tairi zinapasuka hata kama hazijawahi kutoka hapo. Na kubwa kuliko yote, ringi za pistoni zinaganda kwenye silinda. Hapo anakuja kijana na betri ameiazima kwenye kirikuu, kile kipikapu kidogo, anafunga, anapiga stata kwa nguvu zake zote, kitu kinalia krak, na kama injini ilikuwa na uhai ndo unakatika hapo. Fundi mzee akija anafungua plagi, anamimina oili kidogo kwenye kila tundu, anaenda zake msikitini, anairudia siku nyingine, anachukua ile hendeli ya mbele anaizungusha pole pole kwa mkono huku anasikiliza. Tofauti ya hao watu wawili ndo barua yangu yote, Mhariri.

Maana magari ya zamani Kusini bado yapo, kinachokwisha ni mafundi wake. Tunakimbizana na gari wakati gari inaweza kungoja, imeshangoja miaka mingapi hapo ilipo, ila yule mzee aliyefundishwa kazi kwenye gereji ya misheni au ya idara ya ujenzi yeye hangoji. Ana presha, ana macho hayaoni vizuri, watoto wake wako Dar wanaendesha bodaboda, na kile kichwa chake hakuna mtu anayechukua kitu humo. Mimi kabla sijamfuata mwenye Land Rover nilimfuata fundi, yupo mzee mmoja huku kwetu sitamtaja jina kwa sababu hapendi, na nilichojifunza kwenye kibaraza chake kinatosha kumrudisha mtu mjini.

Kwa mfano spana. Hizi gari za Mwingereza nati zake ni za inchi, na za zamani zaidi zina aina mbili tatu za inchi kwenye gari moja. Vijana wetu wana seti za milimita. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kijana anaingiza spana ya 13, inashika kidogo inateleza, inashika inateleza, nati inakuwa duara, alafu anatafuta tindo. Mzee ana spana zake za inchi kwenye mfuko wa gunia, nyingine zimeandikwa namba ambazo hata sikuzielewa, na ukimuomba akuazime anakuangalia kama umemuomba mke.

Au umeme. Land Rover za kabla ya 1967 hivi, waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na magari yote tunayoyajua sisi. Anakuja mtu anafunga betri kama alivyozoea kwenye Noah, au mwenye gari anataka redio ya Bluetooth asikilize taarabu, kufumba na kufumbua moshi. Kijana atasema gari ina pepo. Haina pepo, haikuwa na mtu wa kumwambia.

Au petroli yenyewe. Zamani petroli ilikuwa na madini ya risasi, yale madini pamoja na sumu yake yalikuwa yanalinda siti za valvu kwenye injini za enzi hizo. Nchi zetu hizi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na kwa afya za watoto ni jambo la kushukuru sana, ila injini ya zamani ukiifanyisha kazi ngumu na petroli ya sasa valvu zinaanza kuchimba siti zake, gari inapoteza nguvu kidogo kidogo, na mtu anaanza kulaumu kabureta. Dawa yake ni kubadilisha siti ziwekwe ngumu wakati hedi, ile sehemu ya juu ya injini, imefunguliwa. Sasa hedi itafunguliwa na nani, na siti zitachongwa wapi, kama sio Dar? Mzee aliniuliza hilo swali, akanywa chai yake akiningoja nijibu.

Siwalaumu vijana, naomba nieleweke. Kijana wa hapa hapa anaunganisha simu yake kwenye Probox inamwambia sensa gani imekufa, mi siwezi hata kufungua hiyo programu. Kazi hiyo ameifundishwa au amejifundisha kwa sababu Probox ziko mia na zinalipa. Hakuna aliyemkalisha chini akamuonyesha pointi za disibyuta zinasetiwaje, na nani atamkalisha kama gari zenyewe hazitembei? Kwa hiyo sisi wenye tamaa na hela kidogo ya mkupuo ndo tungekuwa sababu. Badala ya kuanza na kulipa warithi, anza na kumlipa mzee posho akae kwenye kiti, vijana wawili wafanye kwa mikono yao yeye anaelekeza, hata kwa injini ya mtu mwingine. Vyuo vya ufundi vya VETA vipo Lindi na Mtwara, mwalimu wa pale akiambiwa kuna mzee wa hivi yuko tayari sidhani kama atakataa wanafunzi wake waje waangalie. Hela hiyo ni ndogo kuliko utakayotupa kwa kuharibiwa gari.

Mafuta sitaki kuyasema sana kwa sababu yanajulikana. Land Rover ya petroli ya silinda nne, ukiiendesha kistaarabu, lita moja inakupeleka kilomita 5 au 6. Lindi mpaka Mtwara ni kama kilomita 110, nenda rudi piga hesabu lita 40 na zaidi kidogo. Mwenye Probox anafanya safari hiyo hiyo kwa wese la theluthi ya hapo na abiria wamemlipia. Tena kuna kitu watu hawajakishtukia, ile road license ya kila mwaka ilipofutwa 2017 haikupotea, ilihamishiwa kwenye mafuta, waliongeza ushuru wa shilingi 40 kwa lita. Maana yake gari mlafi ndo inalipa zaidi, kila ikinywa inailipia barabara, wakati zamani ungelipa mara moja ukakaa kimya. Kwa anayetembea Jumapili kwenda kanisani na kurudi haitamuuma. Kwa anayesema "nitabebea korosho zangu kupeleka AMCOS", yaani chama cha ushirika, aende akapige hesabu upya, kukodi kirikuu ni bei rahisi zaidi.

Breki nazo. Breki zote nne ni za dramu, zikiingia maji hazishiki mpaka zikauke, na ukishuka nazo mteremko mrefu zinapata moto zinalegea. Ukitoka Newala kushuka kwenda upande wa Masasi na mzigo nyuma utanikumbuka. Watu wa zamani walikuwa wanashuka na gia ndogo tangu juu, hawakanyagi breki hovyo, sisi tumezoeshwa vibaya na otomatiki.

Kuhusu spea, nisiwatishe bure, nyingi zinapatikana. Vifaa vya hizi Land Rover mpaka leo bado vinatengenezwa Uingereza kwa sababu wenzetu wanazipenda, Gerezani pale Dar ukiuliza uliza utapata, na Arusha wanazo kwa sababu kule zilitumika sana kwenye utalii. Shida ni kujua unachotaka. Ukipiga simu ukasema "nataka kabureta ya Land Rover" utaulizwa Zenith au Solex, Series (yaani toleo) ngapi, na ukibabaika unatumiwa kwa basi chochote kilichokuwepo dukani. Hapo tena tunarudi kwa yule mzee.

Kuna hoja nyingine inanikera kidogo, ya kwamba hizi gari ni uwekezaji. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, kila mwenye mabati manne na usukani anasema yake ni "klasiki" na bei imepanda. Jamani. Arusha kuna watalii, kuna makampuni, kuna gereji zinazojua, kuna mtu anaweza kuinunua kesho asubuhi. Wewe uko Nyangao, utamuuzia nani? Bei ya Arusha sio bei ya huku, kama vile bei ya korosho mnadani sio bei ya kangomba, wale wanunuzi wa magendo. Ukiinunua inunue kwa sababu unaipenda na hela hiyo ihesabu imeondoka, usije ukamdanganya mama watoto kwamba ni akiba. Wangu nilijaribu kumwambia hivyo, akanijibu "nunua tu mume wangu, ila chumba chako kitakuwa humo humo".

Na wale wanaosema basi tuagize nzuri kutoka nje iliyokwisha kutengenezwa, waulize kwanza TRA, watu wa mapato, ushuru wa gari kuukuu unavyokwenda, uchakavu nao unatozwa. Sitaki kuandika viwango maana bajeti zinabadilika kila Juni.

Upande wa pili wa shilingi lazima niuseme na wenyewe, maana nisije nikaonekana napiga vita. Tukiziacha kabisa zitaishia wapi? Wanaishia nazo watu wa chuma chakavu. Bodi ya aluminiamu inapimwa kwa kilo, inakatwa kwa shoka pale pale uwanjani, inakwenda kuyeyushwa inakuwa sufuria. Nimeshuhudia moja ikikatwa, iliyokuwa inabeba wagonjwa miaka ya 70, hata alama ya msalaba mwekundu bado inaonekana kwa mbali ubavuni. Sufuria ni kitu cha maana na watu lazima wapike ubwabwa, lakini kwa mkoa ambao barabara yake ilikuwa tope tupu mpaka juzi juzi, na mvua za 2024 zikaikata tena tukakumbushana, magari haya ndo ushahidi wa jinsi tulivyoishi. Ningependa mbili tatu zibaki zinatembea. Zinatembea, sio zimepakwa rangi zimewekwa nje ya hoteli.

Kwa hiyo mpango wangu mimi ni huu, na anayetaka auige. Nimeshaongea na mzee, tumekubaliana posho yake, na vijana wawili wa hapa senta wameitikia, mmoja anajua kuchomelea na yuko tayari kufundishwa upya. Tutaanza na injini ya dizeli ya Land Rover iliyokuwa inazungusha mashine ya kusaga, mwenye mashine amehamia umeme akatuachia bure. Wakiiweza hiyo ndo nitaongea bei ya 109. Wasipoiweza basi nitakuwa nimelipa ada ya shule ya vijana wawili na gari sijanunua, sio mbaya.

Ila mzee ana sharti moja na ndo linalonileta kwako Mhariri. Amesema halali chini ya gari isiyo na kadi, yamemkuta, aliwahi kuitengeneza gari ya mtu miezi na miezi, ikawaka, siku ya pili wakaja ndugu kutoka Dar na polisi. Akaniambia "lete kadi mwanangu, ndo nilete spana". Ana haki. Na gari zetu nyingi huku karatasi zake ni kizungumkuti. Hii ninayoitaka ina namba za zamani zile za TZ, haikuwahi kuingia kwenye namba hizi za T za sasa, kadi ipo lakini imeliwa na mchwa upande wa namba ya injini, na jina lililoandikwa ni la chama cha ushirika ambacho hakipo tena. Aliyeinunua mnadani ni marehemu, risiti ya mnada ipo. Warithi ni watano, wanne wamekubali kuuza.

Habari ya mirathi naifahamu, msimamizi anateuliwa Mahakama ya Mwanzo na bila barua yake hakuna kuhamisha umiliki. Huyo mrithi wa tano tutamfuata Liwale tukaongee naye kiutu uzima. Ninachoomba kutoka kwa wasomaji wenzangu wanaojua, au mtu wa TRA akiisoma barua hii, ni kuhusu namba. Gari ya namba za zamani ambayo mwenye kadi ni chama kilichokufa, unaanzia wapi kuisajili? Risiti ya mnada inatosha au lazima mrajisi wa ushirika aandike kitu? Na kama namba ya injini kwenye kadi haisomeki, lakini ya chesisi inasomeka kwenye kadi na kwenye chuma, je, wanakubali ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani au ndo imetoka?

Naomba nijibiwe kupitia safu hii hii, na ikiwezekana kabla minada ya korosho haijaanza, maana yule mrithi mkubwa ameshaniambia hela ya korosho ikiingia mtaani bei yake ya leo nisimkumbushe.

Mstaafu,
Mtama, Lindi